Lami Isiyokwenda Popote

Kyebando, Kampala
3 Februari 2025

Kaka yangu Okidi,

Natumaini barua hii itakufikia kabla kondakta wa basi la Kitgum hajaifungia karanga. Huku tu wazima. Binti yangu Atoo amepata kazi katika duka la dawa kule Nakawa, na sasa anatutibu sote bila kuulizwa. Mimi bado nafundisha Kiswahili kwa watoto walioambiwa nyumbani kwamba ni lugha ya askari na wezi, na kila Jumatano bado nawaudhi wakubwa gazetini. Wifi Ajok goti lake linaendeleaje? Mwambie mafuta ya kupikia hayatibu goti, hata yakiombewa na kwaya nzima.

Tulikubaliana kuandikiana baada ya ile simu ya Krismasi, uliyoikata wewe, au niliyoikata mimi, kila mtu na kumbukumbu yake. Baba alitulea kwa Kiswahili cha kambi ya polisi, basi tugombane kwa lugha yake. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza, Afande.

Sasa jambo lenyewe. Kile kiwanja alichotuachia baba hapa Kyebando, mimi na wewe, kimekuwa jalala. Majirani wanatupa humo magodoro. Nina mpango nacho.

Kuna fundi baiskeli anaitwa Kasereka, Mkongomani wa Butembo, anaishi mlango wa tatu kutoka kwangu. Ameanzisha klabu ya watoto wa baiskeli, na klabu imepata wafadhili wa kujenga kitu ambacho vijana wanakiita pamptraki. Usicheke jina, sikia kitu. Unachukua udongo, unaufinyanga uwe vilima vidogo vinavyofuatana kama migongo ya mabati. Kwenye kona unauinua kama ukingo wa karai. Unashindilia, unamwaga lami juu. Mtoto anasukuma baiskeli mara moja, halafu hapigi pedali tena. Anainuka na kuinama kwa magoti na mikono, mwili wake ndio injini, na anazunguka mpaka achoke. Hakuna mafuta, hakuna moshi, hakuna honi. Mwenye viatu vya magurudumu anapita, na mwenye kiti cha magurudumu anapita pia, hayo nimeyaona kwa macho yangu katika video ya Kasereka.

Mji huu, Okidi, kila penye nafasi ya mtoto kuruka kamba pamegeuka duka la vifuniko vya simu. Watu wazima tumejijengea baa, vibanda vya kubashiri mpira na majumba ya sala yenye vipaza sauti. Mtoto tumemwachia mfereji na barabara. Halafu tunakaa kwenye viti vyetu kuuliza kwa nini vijana wamepotoka.

Wafadhili hawamwagi lami kwenye ardhi yenye mabishano. Wanataka sahihi zetu mbili, kwa miaka kumi, kabla ya mwisho wa Juni. Bila hivyo lami yetu inakwenda mtaa mwingine. Fomu nimeiambatisha. Kalamu unayo.

Halafu, ile baiskeli nyeusi ya baba iliishia wapi? Kasereka angependa kuiona.

Dada yako asiyeshindwa,
Lakica


Kitgum
20 Februari 2025

Mdogo wangu Lakica,

Barua yako ya tarehe tatu imepokelewa, ikiwa na mafuta ya karanga kwenye kona moja tu. Hapa jua ni kali, kisima bado kina maji, na mbuzi mmoja amezaa mapacha, wote majike. Goti la wifi yako limepata nafuu. Anasema ni yale mafuta.

Wazo lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Jibu ni hapana.

Mimi nilikusudia pale tujenge mizigo, vile vyumba vya safu moja ambavyo Kampala nzima inaishi humo. Vyumba vinane. Watu wanahitaji kulala kabla hawajahitaji kucheza.

Na kuna jambo lingine, nashangaa mwandishi kama wewe hakuliona. Njia ya kwenda kituo cha afya hapo Kyebando ni matope tangu tukiwa watoto. Wajawazito wanashushwa kwenye boda boda na kutembea. Mtaa umeomba lami kwa kila mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, aliyewahi kupiga muhuri. Leo lami ya kwanza kufika mtaani unataka ianzie hapa, izunguke, irudi hapa. Lami ya kwenda wapi, Lakica? Nimesimama barabarani miaka thelathini na mbili, nimevaa nyeupe za trafiki mpaka zikanibana, na sijawahi kuona barabara isiyokwenda popote. Watu watakucheka, na mimi nitashindwa kukutetea.

Atoo apewe salamu. Mwambie babu yake angefurahi.

Kaka yako,
Okidi


Kyebando
5 Machi 2025

Afande,

Hongera kwa mbuzi. Mapacha wa kike ni ishara kwamba zizi lako litakuwa na akili.

Huku mvua zimeanza kunukia. Jumapili tulikuwa na wageni, wanafunzi wa kike wa shule moja ya Kibuli waliokuja na hijabu zao na baiskeli mbili za kuazima. Nitakuambia walikuja kufanya nini, lakini kwanza nikupige.

Unasema lami iende kwenye kituo cha afya. Nakubali. Nimeandika hilo gazetini mara nyingi kuliko ulivyopiga filimbi. Lakini tangu lini mtoto na mjamzito wakawekwa kwenye mizani, huyu apande huyu ashuke? Nani aliyetufundisha kwamba masikini aombe kitu kimoja kwa wakati mmoja? Mtaa wa matajiri hauulizwi uchague kati ya taa na bustani. Sisi tukiomba kiwanja cha watoto tunaulizwa kama choo kimekwishajengwa.

Halafu wewe, trafiki, hebu niambie. Siku ile njia ya kituo cha afya itakapowekwa lami, magari yatapita polepole au mbio? Mbio. Na watoto wanaocheza pale leo kwa sababu ya matope watakwenda wapi? Lami inayokwenda mahali ni ya magari. Ndiyo maana nataka kipande kisichokwenda popote. Hakuna lori litakalopitia mahali pasipotokea popote.

Vyumba vinane, unasema. Vyumba vinane vya Kampala ni watoto ishirini na zaidi. Umewajengea mlango, sasa niambie wakitoka mlangoni wanakanyaga wapi.

Sasa wale wageni. Kasereka na vijana wake wamesafisha kona moja ya kiwanja, wakajenga vilima sita vya udongo, vya majaribio. Najua hukuruhusu. Ukitaka kunishtaki, kituo cha polisi unakijua. Watoto wa kambi, watoto wa Wakongomani na wale mabinti wa Kibuli walipanga mstari mmoja wakisubiri zamu, na hakuna aliyeuliza mwenzake anasali wapi. Mtoto wa Kasereka, Reine, anapita vilima vyote sita bila kupiga pedali. Muuza rolex, zile chapati za kukunjia mayai, wa njia panda amehamisha jiko lake karibu, chapati zake zinakwisha kabla ya saa kumi na moja. Baba mmoja, askari Otema, yule jirani yetu wa zamani, alikuja kufukuza kijana wake akaishia kumshikia kiti cha baiskeli.

Nilikuuliza habari za baiskeli ya baba, hukujibu. Sikusumbui. Najua unachokwepa, na ukinisoma vizuri utaona na mimi nakikwepa.

Sahihi, Okidi. Ni mstari mmoja tu.

Lakica


Kitgum
2 Aprili 2025

Lakica,

Hatujambo. Mvua ilichelewa ikaja yote kwa pamoja, tumepanda ulezi kwenye shamba la juu, na la chini bado ni maji. Wifi yako amechaguliwa mweka hazina wa akina mama wa parokia, na tangu siku hiyo anaongea nami kama karani. Mbuzi mapacha wanakula nguo kwenye kamba. Jirani yetu mzee amerudi kutoka hospitali, anatembea. Paa la jikoni nimelibadilisha mwenyewe, sikuanguka.

Kuhusu lile jambo, hapana.

Nakuomba usiniandikie tena habari za baiskeli.

Okidi


Kyebando
24 Aprili 2025

Kaka Okidi,

Usishangae mwandiko. Nina kazi nyingi, mitihani ya kusahihisha imefika hadi dirishani, kwa hiyo mimi nasema, na jirani yangu Monique, mke wa Kasereka, anaandika. Ana mwandiko mzuri kuliko wa kwangu, alikuwa karani wa parokia huko kwao.

Hapa mvua zimetuonea. Zimebomoa vilima vitatu vya udongo kati ya sita na kuchimba mfereji katikati ya vingine. Hii ndiyo sababu tunataka lami na si udongo. Udongo Kampala unakaa mpaka mvua ya kwanza. Lami inakaa, inafagiliwa, haihitaji mtu wa kuifinyanga kila Jumatatu. Nilidhani watoto watakata tamaa. Walikuja na majembe.

Umeniambia nisiandike habari za baiskeli, kwa hiyo naandika habari za majembe.

Atoo anakusalimu. Chakula nakula vizuri.

Lakica

Baba Okidi, miye Monique. Dada amelala sasa, njo naongeza hii. Ile maneno ya mitihani ni bongo, haiko kweli. Alipanda ku kinga, ile baiskeli ya mutoto wetu Reine, na sketi yake ya kufundishia, akasema anataka kujua kitu anatetea. Vilima mbili alipita muzuri, watu walipiga makofi. Ku ya tatu mvua ilikuwa imechimba shimo. Mukono ya kuume ilivunjika, munganga alifunga plasta. Hakulia. Alitukana mvua tu, na serikali kidogo. Asijue kama nilikuambia.


Kitgum
6 Mei 2025

Mdogo wangu,

Mwambie Monique namshukuru, naye usimkasirikie. Nimekuwa askari, hata asingeandika ningejua. Mtu anayesahihisha mitihani hawezi kukosa mkono wa kuandikia.

Mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Na sketi ya kufundishia. Wifi yako alicheka mpaka akasahau goti, halafu akaniuliza kwa nini mimi sicheki. Nikatoka nje.

Nitakuambia kwa nini. Bahasha ilipofika, niliona anwani imeandikwa na mkono nisioujua, kutoka Kyebando. Niliketi kwenye gogo la kuni kabla ya kuifungua. Mara ya mwisho nilipata barua ya namna hiyo nilikuwa Moroto, kijana, mwaka wangu wa pili kazini. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu wa jirani, kwa sababu baba hakuweza kushika kalamu na wewe ulikuwa unamshikilia mama. Ilikuwa habari ya Oola.

Sijaandika jina la mdogo wetu tangu wakati ule. Nimeliandika sasa na mkono haukukatika.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu na baiskeli ya mtu mzima. Hakufikia kiti. Unakumbuka alivyokuwa anaiendesha, mguu mmoja umepitishwa chini ya mtaimbo wa fremu, mwili wote umeinama pembeni. Kwenye ule mteremko wa kwenda Kalerwe huwezi kusimamisha baiskeli ukiwa umekaa hivyo, hata breki zikiwa nzima. Na za baba hazikuwa nzima.

Baada ya pale niliomba kuhamishiwa trafiki. Hukuwahi kuniuliza kwa nini. Nimepima barabara nyingi kwa utepe, Lakica. Viatu vidogo navijua. Kwa hiyo unaponiandikia kuhusu watoto wanaopanga mstari kusubiri baiskeli, mimi sioni mstari unaouona wewe.

Mizigo ilikuwa kisingizio. Ile ya kituo cha afya haikuwa kisingizio, bado nakushinda hapo.

Pona. Kunywa maziwa.

Okidi


Kyebando
1 Juni 2025

Kaka,

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinatambaa. Sitaandika mengi, jambo ambalo wasomaji wangu wa Jumatano wangelipia.

Asante kwa kuandika jina lake. Mimi pia nilikuwa nalizunguka. Nilipofika nalo karibu nilikuwa nageukia serikali, kwa sababu serikali haiwezi kunifanya nilie.

Nataka kusema kitu kimoja na sitabishana nawe ukikikataa. Oola hakufa kwa sababu ya baiskeli. Alikuwa anajua baiskeli kuliko sisi wote. Alikufa kwa sababu mahali pekee pa kuipanda palikuwa ni ule mteremko, na mwishoni mwake palikuwa na malori. Mteremko bado upo. Watoto bado wanauteremka. Juzi nilisimama pale na plasta yangu, nikawaona wawili kwenye baiskeli moja, mmoja mguu chini ya mtaimbo.

Ukija, usije kwa ajili ya fomu. Njoo tu usimame hapo na utepe wako, upime mwenyewe.

Mkono unawasha. Atoo ananipa dawa tatu, ninakunywa moja.

Lakica


Kitgum
18 Juni 2025

Lakica,

Fomu ndani. Nimetia sahihi mahali panapotakiwa.

Masharti yangu ni haya, na mimi si mtu wa kurudia. Uzio kuzunguka kiwanja chote, na lango lisielekee barabarani, lielekee upande wa nyumba. Baiskeli za kuazimwa ziwe za kimo cha watoto, Kasereka azikague breki kila Jumamosi mbele ya mtu mzima. Anayeingia avae kofia ngumu, hata kama ni mwandishi wa gazeti. Ukiacha sharti moja nitakuja na pingu, bado ninazo.

Mbuzi mmoja amekula sharti la kwanza, imenibidi niliandike upya.

Okidi


Kyebando
22 Septemba 2025

Afande wangu,

Natumaini ulezi umevunwa na wifi hajaanza kukutoza kodi. Mkono wangu umepona, umenyooka kiasi cha kumnyooshea mtu kidole.

Lami imemwagwa. Kaka, ungeiona. Nyeusi kama sufuria ya msibani, laini, inang'aa, na mtaa mzima ulisimama kwenye uzio kuangalia mashine ndogo ya kushindilia ikipanda na kushuka vilima kama mbuzi. Mzee mmoja aliuliza, "Sasa hii inatokea wapi?" Nikamwambia haitokei. Akatikisa kichwa, akasema, "Kweli, na hela za wazungu nazo haziishi." Kesho yake alikuja na mjukuu.

Sasa nikupe aibu yangu, uifurahie. Tulisubiri lami ipoe vizuri. Asubuhi ya ufunguzi nilifika na hotuba, nimewaandalia akina mwenyekiti maneno makali kuhusu haki ya mtoto kwenye mji. Nikafungua lango. Okidi, njia nzima, vilima vyote, kona zote, ilikuwa imefunikwa ulezi. Ulezi, mahindi na mihogo iliyokatwa. Wanawake wetu wa kaskazini walikuwa wameingia alfajiri na magunia yao. Na mbele kabisa, na ufagio mkononi, mke wa askari Otema.

Nikamwambia, "Mama, hapa ni mahali pa watoto."

Akanitazama kama natoka Ulaya. "Mwalimu, lami imefika Kyebando. Ulitegemea tuanike wapi? Barabarani, magari yatukanyagie?"

Ilikuwa hoja yangu mwenyewe, ameivua kutoka kinywani mwangu na kuivaa vizuri zaidi. Mimi ninayepigania nafasi ya watu nilikuwa nimesahau kwamba tangu tukiwa kambini mama yetu alianika mtama kwenye uwanja wa gwaride, na baba alikuwa anazunguka pembeni asiukanyage.

Hotuba haikusomwa. Tulikaa kwenye ukingo wa kona ya kwanza, akina mama, Kasereka, na Reine kwa niaba ya watoto, tukabishana mpaka chai ikaisha. Kasereka alisema punje moja ya mahindi chini ya gurudumu inaangusha mtu. Akina mama walisema wao hawaachi punje, nani anatupa chakula. Tukafika hapa: siku za shule, asubuhi ni ya ulezi. Saa nane wanafagia, wanakusanya, na lango linageuka la watoto. Jumamosi na likizo ni ya watoto peke yao. Sasa njia yetu inafagiliwa kila siku bila mtu kuajiriwa, na kila mtoto akianguka kuna mama sita wa kumkaripia. Wafadhili walikuja kukagua wakauliza tumewezaje kuitunza hivi. Nikawaambia ni mbinu ya kitaalamu.

Kwenye mteremko wa Kalerwe nilipita tena wiki iliyopita, jioni. Sikumwona mtoto hata mmoja. Siku moja haithibitishi kitu, najua utasema hivyo, wewe mtu wa utepe. Nimekuandikia tu nilichokiona.

Limebaki jambo la jina. Kuna ubao mtupu langoni. Mwenyekiti wa LC amejitolea jina lake mwenyewe, nimemshukuru kwa ukarimu. Watoto wananiuliza kila siku. Nimewaambia jina haliko kwangu, liko Kitgum.

Lakica


Kitgum
4 Oktoba 2025

Mdogo wangu Lakica,

Ulezi umevunwa, magunia kumi na moja, na wifi yako ameyahesabu kabla yangu. Anasema kama Kyebando mna lami ya kuanika tungewaletea mawili. Mwambie mke wa Otema atutengee kona.

Andikeni Oola. Hivyo tu, bila maelezo. Atakayeuliza aambiwe ni mtoto wa hapa.

Uliniuliza mara mbili baiskeli ya baba iliishia wapi. Iko kwangu. Niliichukua baada ya mazishi, nikaipandisha juu ya basi, na tangu hapo imening'inia kwenye ghala nyuma ya magunia. Wifi yako alikuwa anajua. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjwa kama chapati. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi wa hapa mjini akalinyoosha. Nimetia matairi mapya. Nimetia breki, mbele na nyuma, na nimezijaribu mwenyewe kwenye njia ya parokia, watu wakitoka misa.

Nitafika Jumamosi ijayo, nayo itakuwa juu ya basi. Si ya kupandwa. Nataka iegeshwe langoni chini ya huo ubao, ifungwe kwa mnyororo, watoto wasimame pembeni yake wapime kimo, waone ilivyokuwa kubwa kwake.

Wewe hasa, usiiguse.

Kaka yako,
Okidi